Kutoka kesi za watoto hadi fomu za kompyuta

Baada ya miaka tisa ya kushughulikia kesi za watoto, niliacha ofisi ya ustawi wa jamii nikajiunga na kampuni ya programu za kompyuta. Wenzangu walidhani nimeitupa taaluma. Wiki ya kwanza nililetewa fomu ya usajili: usipojaza jina la baba, huendelei. Nikamkumbuka mama mmoja, kalamu mkononi, akiitazama nafasi kama hiyo mpaka machozi yakamtoka. Niliomba jina hilo liwe la hiari, wakakubali. Hiyo nayo ni kazi yetu ya ustawi wa jamii kabisa! Si ya ofisini tu: hata maktaba ya umma ya San Francisco, Marekani, iliajiri mtaalamu wa ustawi wa jamii mwaka 2009, awasaidie wasio na makazi. Leo napitia fomu ya mikopo, na swali la saba halijanikaa sawa.