Siku moja na fundi pevingi: leo boza haliingii

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijafumbua macho nasikiliza bati. Msimu wa vuli fundi pevingi, yule anayepanga matofali ya zege ya kukanyagia, anaishi kwa masikio. Leo bati kimya, basi nampigia kijana wangu: "Pita kwa mwenye kompakta, ile mashine ya kushindilia, na usiondoke hapo mpaka uione inawaka."

Saa 1:00 asubuhi, Goba. Kazi ni njia ya gari kutoka getini hadi gereji, mita 12 kwa 4. Leo ni siku ya nne. Zile tatu za mwanzo hakuna anayezipiga picha: kung'oa pevingi za zamani, kuchimba, kumwaga moramu (udongo wenye changarawe), kushindilia, kusimika mawe ya pembeni kwenye zege ili pevingi zisitawanyike.

Njia ya zamani haikumaliza miaka miwili, ikafanya mifereji miwili ya matairi. Mama mwenye nyumba alidhani aliuziwa pevingi mbovu. Wala. Zilipangwa juu ya mchanga uliomwagwa moja kwa moja kwenye udongo wa shamba, halafu kila baada ya wiki mbili boza la maji la lita 10,000 linarudi nyuma hadi kwenye tangi. Maji peke yake ni tani 10, lori hujalihesabu. Siku ya kupatana nilimwambia, "Mama, gari lako ni Vitz, lakini njia hii tunaijengea boza." Akaguna, akakubali pevingi za milimita 80 badala ya 60. Chini tumeweka moramu tabaka mbili za sentimita 15, kila moja ikashindiliwa peke yake. Ukizimwaga zote kwa pamoja, mashine inakaza juu tu, chini kunabaki uji.

Saa 1:40. Kenta ya mchanga imefika. Namwomba dereva apite taratibu juu ya moramu, mimi nyuma yake nimeinama kama natafuta sindano. Karibu na nguzo ya geti tairi la kushoto likabonyea, kama kidole kwenye ugali. Vijana wakacheka. Tukachimbua: kisiki cha mpapai, kimeoza. Tukakitoa, tukajaza moramu, tukanyunyiza maji kidogo, tukashindilia upya, kenta ikapita tena. Saa nzima imekwenda na hatujapanga hata pevingi moja. Kuna mafundi watakaokwambia huo ni ushamba. Hao ndio wanaoniletea wateja.

Saa 3:00. Uzi. Nyumba hii iko chini ya barabara, kama nyingi za huku milimani, kwa hiyo maji ya mvua hayana pa kwenda ila gereji. Mita moja kabla ya mlango tumejenga mfereji wa zege wenye wavu wa chuma, unaotoa maji ubavuni. Kutoka getini uzi unashuka sentimita 2 kila mita: mita 11, sentimita 22. Kipande cha mwisho tumekiinamisha kinyume, kiangalie mfereji na si mlango. Uzi huu naufunga mwenyewe. Simwachii mtu.

Saa 4:00. Chai, chapati mbili. Mzee jirani anasimama ukutani kutuambia enzi zake walimwaga zege tu. Shikamoo mzee, marahaba, tunarudi kazini.

Saa 4:30. Tunalaza mabomba mawili ya inchi moja, tunamwaga mchanga katikati, tunavuta rula juu yake hadi uwe kama meza. Hapo hakanyagi mtu. Kuku wa mama hajui sheria hiyo. Alipita kutoka ukingo hadi ukingo, tukavuta upya.

Tunaanzia chini, kwenye mfereji, tunapanda kuelekea getini, tukisimama juu ya zilizokwisha kupangwa. Mtindo ni mgongo wa samaki. Bibi yangu angesema ukili. Mteja huuona urembo, lakini mimi nauchagua kwa sababu pevingi zilizopishana hivyo hushikana gari linapokata kona. Zilizopangwa mistari iliyonyooka husukumwa zote upande mmoja. Kila mita ya mraba inakula 50, na tunazichota kwenye rundo tatu tofauti ili rangi zichanganyike. Nikishika mbili nazigonganisha: ikilia kama kigae, safi, ikitoa sauti ya tope, naiweka pembeni.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage. Jua. Hakuna la kusimulia.

Saa 10:30 jioni. Mita za mraba 30, yaani pevingi 1,500. Grainda imemaliza kukata vipande vya pembeni. Kompakta inapita mara mbili, ikiishia mita moja kabla ya ukingo ulio wazi, maana ukigusa pale zinahama. Tunafagilia mchanga mkavu laini kwenye maungio, kompakta tena, mchanga tena. Wingu linapanda upande wa Mbezi, tunatandika turubai kwenye mchanga uliobaki.

Saa 11:15. Honi getini. Boza.

"Fundi, toa hayo maturubai nipite."

"Leo haliingii, kaka. Vuta mpira."

"Mpira haufiki."

Mama akatoa mpira wake wa bustani, wakaunganisha kwa kipande cha tyubu, ukapitishwa juu ya pevingi mpya. Unganisho likavuja. Kijana akakimbilia kuziba, nikamzuia. Nikachuchumaa kuyaangalia yale maji. Yalisitasita, yakakusanyika, yakashuka taratibu hadi kwenye wavu, yakaingia mferejini.

"Sasa ziba," nikamwambia.