Siku moja kwenye chumba cha eksirei

Saa moja na nusu asubuhi nawasha mashine, nafuta meza na dawa, nabandika beji yangu ya kupima mionzi. Watu wanatuona sisi ni wa kubonyeza kitufe tu, leo acha niwasimulie.

Saa mbili mpaka saa nne vifua, goti la bodaboda, vifua tena.

Saa nne na kitu kaletwa mtoto wa miezi tisa, kadondoka kitandani, mkono wa kushoto hataki uguswe. Nikamuuliza mama yake, una ujauzito? Maana mwenye mimba simruhusu amshike mtoto ndani. Akanyamaza, akamwangalia mkwewe, bibi akadakia "hana huyo, bado ananyonyesha". Nikamwomba bibi akalipie dirishani, alivyotoka tu yule dada akaninong'oneza siku zake zimepita. Basi bibi aliporudi nikamwambia, bibi naomba wewe ndo umshike, mikono yako ina nguvu.

Akagoma, eti mionzi itamuunguza yeye na mjukuu. Nikakaa chini kumwelewesha, picha ya mkono wa mtoto inatumia mionzi kidogo kuliko ile tunayoipata wote kwa siku nzima kutoka ardhini na angani. Foleni nje inagonga mlango. Akakubali, nikamvika aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, uzito wake nao akaulalamikia.

Picha zinatakiwa mbili, moja kiganja juu na moja ya ubavu, zote zionyeshe kiwiko na kifundo. Mtoto wa umri huo kiwiko chake karibu chote bado gegedu, ule mfupa laini, halionekani kwenye picha, kwahiyo ya ubavu ikikaa vibaya daktari anabaki kubahatisha. Mwanga nimeubana uishie mkononi, muda nimeuweka mfupi kabisa maana akitikisika tu picha inatoka na ukungu. Ya kwanza safi. Ya pili mtoto anajipinda kama kambare, bibi anaachia, tunaanza upya, jasho linanitoka, mpaka nikamwambia mama aimbe huko nje ya mlango. Mtoto akatulia kusikiliza, nikabonyeza hapohapo.

Mfupa umebonyea upande mmoja, haujakatika, mifupa ya watoto ndo ilivyo, bado laini. Akaenda kufungwa hogo, ile plasta ngumu. Chakula cha mchana sijui hata nilikula saa ngapi, wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi.

Ila kabla hawajaondoka, bibi akihangaika kuvua aproni, nilimwonyesha yule dada kliniki ya wajawazito ilipo, akapime leoleo.