Kutoa nguzo ya chuma kwenye mzizi wa jino bila kuunguza mfupa

Nguzo, yaani kipini cha chuma kinachoshikilia taji (kofia ya jino), ikiwa imegandishwa ndani ya mzizi huwa naitoa kwa altrasoniki, mashine ya mtikisiko wa kasi, na ninachojihadhari nacho muda wote ni joto. Ncha ya mashine hutikisika mara 25,000 hadi 40,000 kwa sekunde. Msuguano wake na chuma huzaa joto, chuma hulipeleka upesi kwenye mzizi, na mzizi hulikabidhi mfupa wa taya. Mwaka 1983, watafiti Eriksson na Albrektsson walionyesha kwa sungura kwamba mfupa huumia ukikaa kwenye nyuzi 47 kwa dakika moja. Mwili uko 37, basi tuna nyuzi 10 tu, na bila maji zinaweza kuisha kabla dakika haijatimia. Mgonjwa naye ana ganzi. Hawezi kukwambia panaungua.

Kwanza naondoa taji, kisha kwa bari nyembamba (ncha ya kekee ya meno) nachimba simenti yote ninayoweza kuifikia kuzunguka nguzo. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanabonyeza ncha kwa nguvu. Kubonyeza kunafifisha mtikisiko na kuongeza joto, nguzo ikabaki palepale.

Maji nayapima: naiwasha ncha juu ya kikombe cha vipimo kwa dakika moja. Yakiwa chini ya mililita 30, nazibua tundu la maji kwanza. Kinywani nagusa kwa wepesi nikiizungusha ncha kwenye nguzo kwa sekunde 15, naiinua, naacha maji yapite sekunde 15 nyingine, narudia. Msaidizi asiweke saksheni (bomba la kunyonya mate na maji) karibu na ncha, maana itayanyonya maji kabla hayajafika kwenye chuma. Dalili iko wazi: kando ya nguzo panapaswa kuwa na tope jeupe linalotiririka. Ukiona unga mkavu, simama hapohapo, hata kama maji yanasikika yakitoka.

Simenti ya zinki fosfeti hupasuka kwa mtikisiko. Simenti ya resini huumeza mtikisiko huo, na hapo ndipo watu huendelea kusaga wakitumaini. Mimi zikifika dakika 10 za kazi na nguzo haijalegea, naweka altrasoniki chini na kuchukua kifaa cha kuvutia nguzo.

Kuungua kwa mfupa hakuonekani siku hiyo. Namwita mgonjwa baada ya wiki, nautazama ufizi wa jino lile pande zote: ukiwa umepauka, umejitenga au mfupa umeanza kuchungulia, joto lilipita kiasi.