Sura ya Zamani kwa Pesa Kidogo: Katalogi Kwanza, Pochi Baadaye

Ukitaka kujua chumba cha miaka ya 1950 kilikuwaje, usianze na picha za mitandao ya kijamii. Nyingi ni za vyumba vilivyopangwa juzi, miongo mitatu imechanganywa, na kila kitu kina kiungo cha duka. Anza na katalogi za enzi yenyewe. Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, ina katalogi za Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, zilizopigwa skani ukurasa kwa ukurasa, pia mkusanyo uitwao Building Technology Heritage Library, ambao una katalogi za rangi za ukuta, vigae na vifaa vya nyumba. Kuzisoma ni bure, na zinaonyesha vitu vya watu wa kawaida, siyo vya matajiri tu.

Chagua muongo mmoja, uandike mambo matatu: umbo, rangi, malighafi. Gauni la miaka ya 1940, kwa mfano, lina mabega yaliyojazwa, kiuno kilichobana na pindo karibu na magoti. Sasa kwenye rundo la mitumba unatafuta umbo, wala si umri. Mitindo ya miaka ya 1980 iliyarudia mabega hayo, na nguo zake kwa kawaida ni rahisi kuliko za 1940 halisi. Fundi akishapandisha pindo, wengi hawatajua.

Namba ya saizi ipuuze. Namba 14 ya miaka ya 1950 ni ndogo kuliko 14 ya leo. Beba tepu na vipimo vya nguo yako inayokukaa vizuri. Laza nguo, pima kwapa hadi kwapa na kiuno, zidisha mara mbili. Mabega yapime mshono hadi mshono. Mabega ndiyo yanayoamua, kwa kuwa kuyarekebisha kunamlazimu fundi kufumua mikono, na malipo yake yanaweza kuzidi bei ya nguo. Kupunguza kiuno ni kazi ndogo. Kuongeza kunategemea kitambaa kilichobaki ndani: kama kila upande wa mshono una sentimita 2, achia 1, na mishono miwili ya pembeni itakupa sentimita 4 mzunguko mzima. Ila alama ya mshono wa awali inaweza kubaki, hasa kama rangi imepauka.

Kabla ya kulipa, shika kitambaa karibu na kwapa kwa vidole vya mikono miwili, uvute polepole. Kikilia kama karatasi inayochanika, kimeoza. Kiache, maana hata ukikishona kitachanika pembeni mwa uzi mpya. Krepu ya reyoni (kitambaa chenye mikunjo midogo) ya miaka ya 1940 usiiloweke, hunywea vibaya mno. Sufu ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi −18 kwa wiki mbili ili kuua nondo na mayai yao.

Kwenye fanicha, vuta droo kwanza uone skrubu zake. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilienea kuanzia miaka ya 1930, hivyo meza "ya 1900" iliyo nazo imekarabatiwa, au unadanganywa. Vitundu vidogo si tatizo kubwa. Unga mpya unaodondoka chini yake ndio unaoonyesha bungua bado yumo. Juu ya vinia, yaani ubao mwembamba uliobandikwa juu ya fanicha, usipitishe msasa wa mashine: mara nyingi ni nyembamba kuliko milimita 1, na ukishaitoboa hairudi. Rangi ya zamani inayobambuka usiisugue ikiwa kavu, kwani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978 tu. Taa ya mezani yenye waya wa kitambaa inunue kwa ajili ya umbo lake, halafu fundi umeme abadilishe waya, plagi na holda kabla haijawashwa.

Mapambo ya ukutani ndiyo nafuu kuliko yote. Tangu Februari 2017, Metropolitan Museum of Art, jumba la makumbusho la New York, inatoa bure picha za kazi zake zisizo na hakimiliki. Nunua fremu kuukuu kwanza, upime uwazi wake, kisha tafuta picha inayotosha. Kwa A4 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508 hivi. Ikipungua sana, mistari itakuwa na ukungu. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa.