Huduma Isiyo na Alama

Moshi, Julai

Matokeo ya mtihani wa IB, diploma ya kimataifa ya kumaliza sekondari, hutoka mwanzoni mwa Julai, muda mfupi kabla ya Saba Saba, kwa hiyo sikukuu ya mwaka huu nyumbani kwetu ilitawaliwa na maelezo. Shangazi wa binti yangu, ambaye watoto wake wote wamepitia mfumo wa kitaifa hadi kidato cha sita, alitaka kujua jambo moja tu: alama hizo ni divisheni ngapi? Nilimweleza kwamba mwanafunzi husoma masomo 6, kwamba kila somo hufikia alama 7, na kwamba alama 3 za ziada hutokana na somo la nadharia ya maarifa pamoja na insha ya utafiti yenye maneno yasiyozidi 4,000, hivyo jumla ya juu kabisa ni 45. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza tena kama ni divisheni wani. Wala si swali la kuchekwa, kwa kuwa mwenye cheti cha nje akitaka kujiunga na chuo kikuu hapa nchini hulazimika kutafuta ulinganifu wake Baraza la Mitihani, na huko nako swali ni lile lile la shangazi.

Shule ya binti yangu si ngeni Moshi. Ilianza mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa madaktari na wafanyakazi wa Hospitali ya KCMC, ikaitwa Shule ya Kimataifa ya Moshi kwa miaka mingi, na mwaka 2019 ikaingia katika familia ya UWC, mtandao wa kimataifa wa shule na vyuo, ambavyo huchagua wanafunzi kupitia kamati za nchi mbalimbali na kuwafadhili wengi wao. Ndiyo maana bweni moja linaweza kuwa na mtoto wa balozi na mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi, ilhali wenzao wa kutwa, kama binti yangu, jioni hurudi nyumbani kuosha vyombo.

Katika mafanikio ya mwaka huu, lililonigusa zaidi ni la wale waliofanya fasihi katika lugha zao za kwanza bila mwalimu wa lugha hizo. Utaratibu wa IB unaruhusu jambo hilo: mwanafunzi huchagua vitabu vyake, huvisoma peke yake, na shule humsimamia katika mbinu za uchambuzi tu. Binti yangu aliyechukua Kiswahili alikuwa na nafuu ya mwalimu, lakini naye alitaabika, kwa sababu baada ya miaka mingi ya kuandika kila kitu kwa Kiingereza, alikuta hawezi kuchambua shairi kwa kurasa tatu katika lugha anayoitumia kugombana na ndugu zake. Baadhi ya wazazi wenzangu walinishauri achukue Kifaransa, eti kitamfaa zaidi. Sikukubali, na nisingekubali hata kama alama zingekuwa chache.

Safari za mlimani sitazieleza sana. Kila mwaka picha huwa nyingi, na wapagazi waliobeba mizigo huonekana kwa nadra.

Linaloniweka macho ni sehemu ya tatu ya kiini cha programu ya IB, baada ya nadharia ya maarifa na insha, yaani ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, ambayo huendelea kwa takribani miezi 18. Haina alama hata moja, lakini asiyeikamilisha hapati diploma. Naupenda mpango huo, ila una hatari yake, kwani huduma inayotakiwa na cheti huweza kuishia pale cheti kinapopatikana. Nimewahi kuona kwingineko ukuta wa shule ya msingi ukipakwa rangi upya na kundi jipya la wanafunzi wa kimataifa, wakati paa lilikuwa likivuja na hakuna aliyemuuliza mwalimu mkuu anahitaji nini. Kwa upande mwingine, namfahamu kijana mmoja aliyekwenda kila wiki kufundisha hisabati watoto wa jirani, na alipokuwa na mitihani yake mwenyewe alihakikisha amempata mwenzake wa mwaka wa kwanza wa kuendeleza kipindi. Hakupata alama kubwa, na jina lake halikutajwa miongoni mwa waliong'ara. Watoto wale, hata hivyo, waliendelea kusoma hesabu.

Kwangu mimi kipimo ni hicho: je, majirani wangeona pengo kama huduma ingesimama? Mkutano wa wazazi ni mwezi ujao, mara shule itakapofunguliwa. Nimekwisha kuandika pendekezo langu, kwamba walimu wakuu wa shule za jirani wakae mezani siku huduma za mwaka zinapochaguliwa, na wawe na haki ya kukataa. Mzazi mmoja ameniuliza tufanyeje wakikataa zote. Nimemjibu kwamba hapo ndipo tutakuwa na jambo la maana la kuzungumza nao.