Snowdon: panda na treni, shuka kwa miguu

Kila niliyemuuliza kabla ya kwenda Snowdon alinipa ushauri uleule: panda kwa miguu asubuhi ukiwa na nguvu, ukichoka utashuka na treni. Ushauri huo ni mbaya. Niliufuata mara ya kwanza ukanikwamisha, mara ya pili nikaugeuza juu chini na siku ikaenda vizuri tangu mwanzo hadi mwisho.

Mlima uko kaskazini mwa Wales, ndani ya hifadhi ya Eryri. Wenyeji wanauita Yr Wyddfa, yaani kaburi, kwa kuwa hadithi yao inasema jitu Rhita limezikwa pale juu. Kilele ni mita 1,085. Mtu wa Arusha hushawishika kuudharau, maana mji wake wenyewe uko juu zaidi ya hapo. Asiudharau. Bahari iko karibu, upepo unakuja umebeba mvua, na kwa mita 1,000 za kupanda joto hushuka nyuzi 6 au 7. Kijijini Llanberis, treni ya kilele inapoanzia, watu wanatembea na fulana, huku kileleni vidole vimekufa ganzi hata zipu haifungiki. Acha jinzi nyumbani: ikilowa haikauki tena siku hiyo. Koti la mvua na sweta moja ya ziada viwe kwenye mfuko hata jua likiwaka.

Sasa, kwa nini mpango wa kushuka na treni haufai? Behewa linapanda limejaa watu wenye tiketi ya kwenda na kurudi. Wanapewa kama nusu saa kileleni, kisha wanarudi na behewa lilelile, kila mtu kwenye kiti chake. Wewe uliyepanda kwa miguu unapata nafasi pale tu mtu anapoacha ya kwake. Nilifika juu saa saba mchana, nikasimama kando ya jukwaa treni tatu zikaja na kuondoka, zote zimejaa. Kosa halikuwa kukosa kiti tu. Muda ule wote nimesimama kwenye upepo, jasho la kupandia likageuka baridi mgongoni, misuli ya mapaja ikakaza, na ukungu ukashuka. Nilianza kushuka nikiwa katika hali mbaya kuliko kama ningegeuza mara tu nilipofika.

Kwenye ukungu ule ndipo nilipojifunza jambo ambalo vibao havilisemi vya kutosha. Ukitoka kileleni kurudi Llanberis, unaelekea takribani kaskazini: reli iko mkono wako wa kushoto, na kulia kuna poromoko linaloangukia ziwa la Glaslyn. Baada ya muda mfupi unafika Bwlch Glas, penye jiwe refu lililosimamishwa wima. Jiwe hilo linaonyesha mahali pa kukata kulia kwa njia za Pyg na Miners. Usikate. Ukikata utateremkia upande wa Pen-y-Pass, bonde jingine kabisa, na gari lako liko Llanberis. Endelea sambamba na reli. Mbele kidogo kuna tawi jingine linaloingia kushoto na kuvuka reli, hiyo ni njia ya Snowdon Ranger, nayo iache. Nilikuwa nasimama kila nisipoiona reli, nasikiliza treni, natazama dira, ndipo napiga hatua. Lakini usitembee juu ya reli yenyewe, ni marufuku, na mataruma yakilowa yanateleza kama sabuni.

Mara ya pili nilikata tiketi ya kupanda tu, ya treni ya mapema. Ukiikosa, kata ya kwenda na kurudi, kisha mwambie kondakta kwamba kiti chako cha kurudi hukihitaji. Atampa mtu aliyekwama juu, na utakuwa umemfanyia wema mkubwa. Nauli ya treni ya mvuke ni zaidi kuliko ya dizeli. Lipia ya mvuke kama unaweza.

Fika nusu saa kabla, uchungulie katikati ya reli. Kuna pau mbili za chuma zilizolazwa ubavu kwa ubavu, zenye meno, na meno ya pau moja yamepishana na ya mwenzake. Ndiyo mfumo wa Mswisi Roman Abt: gurudumu la meno chini ya kichwa cha treni linapoachia jino moja, jingine limeshashikwa. Vichwa vya mvuke vilitengenezwa Winterthur, Uswisi, na ukivitazama kwenye uwanja ulio sawa unaona bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, limeinamia mbele. Limeundwa hivyo makusudi, ili mlimani maji yabaki yamefunika paa la chumba cha moto. Kichwa kinakaa nyuma na kulisukuma behewa, wala hakijafungwa nalo. Uzito wa behewa ndio unaoliegemeza kwenye kichwa, na behewa lina breki zake.

Breki hizo ziliokoa watu siku ya ufunguzi, tarehe 6 Aprili 1896. Kichwa namba 1, Ladas, kilichomoka kwenye meno wakati wa kushuka, kikaporomoka bondeni. Mabehewa yalisimama, lakini abiria mmoja alikuwa ameshajirusha nje kwa hofu, akafa kwa majeraha. Reli ilifunguliwa tena mwaka 1897 ikiwa imeongezewa vyuma pembeni mwa meno, na chini ya kichwa vishikio vinavyovikamata ili kisiweze kunyanyuka. Namba 1 haikupewa kichwa kingine tena.

Safari ni kilomita 7.5 na inachukua kama saa nzima, kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Kituo cha Clogwyn, kwenye mita 779, ndipo pa kutazama kushoto: ardhi inakatika ghafla na Bonde la Llanberis liko chini kabisa. Upepo ukizidi treni huishia hapo, kwa hiyo viatu vya mlima viwe miguuni tangu kituoni, si ndani ya mfuko. Kutoka Clogwyn unaweza kumalizia kwa miguu, ila kukiwa na theluji usijaribu bila vyuma vya kuvaa viatuni na shoka la barafu, na ujuzi wa kuvitumia. Theluji hufunika reli na njia, mteremko mzima ukawa mmoja unaotelezea kwenye jabali la Clogwyn Coch. Watu wamefia hapo.

Kileleni kuna foleni ya kupanda ngazi za mnara wa alama. Usijipange treni inapofika. Subiri hadi abiria waanze kuitwa kurudi, foleni hupungua, nawe upande. Jengo la wageni la Hafod Eryri, lililofunguliwa 2009, huwa wazi katika msimu wa treni tu; nje ya msimu hakuna choo wala chai, maana hata maji hupandishwa kwa reli.

Kushuka kwa miguu huchukua muda wa saa mbili hadi mbili na nusu. Refusha fito zako za kutembelea kidogo kuliko za kupandia, piga hatua fupi, goti lisinyooke kabisa. Pale njia inapopita chini ya daraja la reli karibu na Clogwyn upepo unavuma kama kwenye bomba, vua kofia kabla hujafika. Sehemu inayoumiza magoti kuliko zote ni lami ya mwisho kuingia kijijini, kali mno: mimi huishuka kwa kukata mshazari, kushoto na kulia, na kabla ya kuianza nakaza kamba za viatu upya ili vidole visigonge mbele.