Njegere za Mbeya frizani: awamu ya pili

Awamu ya kwanza, niliyoifanya mwezi Juni, iliharibika. Nilizimenya njegere, nikaziosha na kuzitia frizani zikiwa mbichi, kilo mbili katika mfuko mmoja. Baada ya wiki sita zilikuwa zimeshikana na kuwa bonge ambalo nililazimika kulivunja kwa mchi, na zilipopikwa zilitoa harufu ya nyasi zilizovunda. Nimeielewa sababu: baridi hupunguza tu kasi ya vimeng'enya vilivyomo ndani ya mboga, haivikomeshi, hivyo huendelea kula rangi na ladha polepole mpaka vidhibitiwe kwa joto.

Mwishoni mwa Julai nilianza upya. Nilinunua njegere asubuhi na kuzishughulikia siku hiyohiyo, kwa kuwa sukari yake huanza kugeuka wanga mara tu zinapochumwa, na utamu ukishapotea sokoni hakuna friza itakayourudisha. Kwa kila nusu kilo nilichemsha lita 4 za maji, ili yasipoe sana mboga zinapoingia. Muda unaoelekezwa kwa njegere ni dakika moja na nusu. Lakini Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mahali palipozidi mita 1,500 huongezwa dakika moja. Kwa hiyo nilihesabu dakika mbili na nusu kamili, nikiwa nimesimama kando ya sufuria. Inafaa kutazama: ule ukungu mweupe uliozifunika njegere hutoweka, na kijani chake hukolea kuliko kilivyokuwa ndani ya maganda.

Nilizimimina papo hapo kwenye maji ya barafu, zikakaa humo kwa muda uleule, kisha nikazichuja na kuzikausha juu ya kitambaa cha pamba. Hatua hii ya kukausha ndiyo niliyoidharau awali, kumbe ni maji yaliyobaki juu ya punje yanayozigandisha pamoja. Nilizitandaza kwenye sinia, safu moja tu, na zilipokuwa ngumu nikazipima nusu kilo kwa kila mfuko, nikaibana hewa yote itoke na kuandika tarehe. Ziligongana mfukoni kama gololi.

Umeme bado unanitia wasiwasi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa saa 48 hivi, lakini iliyojaa nusu huhimili saa 24 tu. Kwa hiyo nafasi iliyobaki nimeijaza chupa za maji yaliyoganda.

Jana nilipika mfuko mmoja kwa nazi, na punje zilikuwa nzima, tamu, zenye rangi yake. Karoti zitafuata wiki ijayo. Mfuko mmoja wa njegere nimeuandika "Machi", na sitaufungua kabla ya mwezi huo, ili nijue miezi minane kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inazifanya nini.